Sahani Iliyopelekwa kwa Mwinyi

Habari hii niliipata kwa shangazi yangu Piroska, msimu wa baridi ule nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, tumekaa wanawake watupu tunachambua manyoya ya bata bukini ya kujazia mito. Kazi hiyo mlango haufunguliwi ovyo, manyoya yasije yakaruka, kwa hiyo mtu akianza kusimulia huna pa kumkimbia. Shangazi alikuwa mpishi wa Mwinyi Hollódy Ákos tangu usichana wake. Mengine aliyaona kwa macho yake, na mengine aliambiwa na Mwinyi mwenyewe, uzeeni, wakiwa wawili tu jikoni.

Mwinyi Ákos alikuwa mtu wa siasa, ila siasa yenyewe ilikuwa haijamtambua. Kwa kuzaliwa kwake tu alikuwa na kiti katika baraza la mabwana kule Budapest, na kila mwaka alipanda treni akaenda kuhutubia habari za kukausha mabwawa ya mto Tisza. Akisimama yeye, wenzake nao walisimama, wakaenda kunywa kahawa. Akirudi nyumbani aliisoma hotuba ileile mbele ya mbwa wake wa kuwindia, na hao angalau walikaa mpaka mwisho.

Vita Kuu ndivyo vilivyomtoa gizani. Chakula kilipokuwa adimu na wanaume wamebaki mahandakini huko Galicia, serikali ilitafuta mtu wa kuwatoa watu ngano na mafuta mikononi bila watu kuchoma ofisi. Wakampa Mwinyi Ákos mkoa wetu. Akatoa amri: nguruwe hachinjwi bila kibali, na akichinjwa kwa kibali, nusu ya mafuta yake ni ya jeshi. Kisha akaja kusimama mbele ya kanisa letu la Kerekszállás, kofia mkononi, akasema, "Jamani, chungu changu na chungu chenu sasa ni kimoja."

Watu walimpenda kwa neno lile. Na tusimwonee, neno lake alilishika. Nguruwe wake wote aliwapeleka jeshini, yeye akala maharage na viazi mpaka suruali zikaanza kumshuka. Sifa zikafika Budapest. Gazeti likamwandika. Ikaanza kusemwa kwamba waziri wa chakula amechoka, anatafutwa mwingine, na jina la Hollódy limo. Tangu siku hiyo Mwinyi hakusikia kingine. Baba yake alikuwa amekufa hajulikani nje ya mkoa, na babu yake hivyo hivyo. Yeye alitaka awe Hollódy wa kwanza wa kutajwa na watu wasiomlimia.

Jumamosi moja ya theluji akaletewa mgeni. Alikuwa Daktari Zsombory, daktari wa sheria, si wa dawa, katibu wa waziri mkuu. Amekuja kumtazama kama anavyotazamwa farasi kabla ya kununuliwa.

"Piroska," Mwinyi alisema asubuhi, "leo pika supu ya maharage. Tupu."

"Tupu kabisa, Mwinyi? Hata kitunguu nisikaange?"

"Kitunguu kaanga. Lakini mgeni aone kwamba hapa hatuli kwa kujificha."

"Ataona mpaka chini ya bakuli," Piroska akajibu. "Maharage yenyewe yanatafutana."

Sasa, alfajiri ya siku ile ile, upande wa pili wa kijiji, kwa akina Bodó, nguruwe alikuwa amechinjwa bila kibali. Bodó Gergely alikuwa amerudi kutoka vitani na pafu lililotobolewa, na daktari wa jeshi alimwambia mkewe Lídia wazi: mtu huyu asipopata mafuta na nyama hafiki mbali. Lídia akaomba kibali. Akajibiwa asubiri theluji iyeyuke. Akamtazama mumewe, akaona huyu hana muda wa kusubiri theluji. Basi wakamfunga nguruwe mdomo asipige kelele. Hawakumbabua kwa moto wa majani ya ngano kama tufanyavyo sisi, maana moshi ungewasema. Walimmwagia maji ya moto ndani ya banda, mlango umefungwa. Walifikiria kila kitu.

Kitu kimoja hawakukifikiria, nacho ni mama mkwe.

Kwetu aliyechinja hali peke yake. Siku hiyo hiyo hutoa sahani za kionjo: kwa jirani, kwa mchungaji, kwa mkunga, na ya kwanza kabisa kwa nyumba ya Mwinyi. Nyumba usiyoipelekea sahani umeiambia kwamba mna ugomvi. Bibi Sára, mama yake Gergely, alikuwa ameipeleka sahani hiyo kila msimu wa baridi tangu alipoolewa. Majirani siku ile hakuwapelekea, maana aliambiwa ni siri. Lakini Mwinyi, kwa akili yake yeye, hakuwa mtu wa kufichwa. Ni Mwinyi. Akapanga sahani vizuri, utumbo uliojazwa ini na mchele, soseji za pilipili nyekundu, kipande cha ubavu, akafunika kwa kitambaa chake cha kutariziwa, akajitanda shali, akaenda zake kwa barabara kuu.

Piroska alipofunua kitambaa alikifunika tena upesi kama aliyeona nyoka.

"Bibi Sára! Una wazimu? Si ndiye huyu aliyepiga marufuku?"

"Amepiga marufuku watu kuchinja," bibi alisema, anakung'uta theluji viatuni. "Hajapiga marufuku watu kuwa na adabu."

"Lídia anajua umekuja huku?"

"Lídia mikono yake iko kwenye utumbo mpaka kiwiko, nimsumbue?"

"Rudi nyumbani, bibi yangu. Pitia bustanini, usionekane. Hii mimi nitajua nitaifanyaje."

"Nimekuja kwa barabara, nitarudi kwa barabara. Kwani nimeiba?" Akaufunga mlango taratibu, kwa heshima zake zote.

Piroska akaiingiza sahani ndani ya jiko la kuokea mikate. Kumbe ndiyo amefanya kosa, maana jiko lilikuwa bado lina moto kidogo. Harufu ya kitunguu saumu na mafuta ikatoka jikoni, ikashika ukumbi, ikapanda ngazi. Mwinyi Ákos, aliyekuwa akifunga tai yake chumbani, akaiacha tai inaning'inia.

Alishuka kama aliyevutwa na kamba. "Nini hicho?"

"Bibi Sára wa akina Bodó, Mwinyi. Kionjo. Nimemwambia arudi."

Mwinyi akafungua jiko, akaitazama sahani. Alijua papo hapo la kufanya. Amwambie Piroska airudishe kimya kimya, yeye ageuke, aseme hakuona kitu. Lilikuwa jambo dogo. Lakini mkono ulikwisha kwenda. Akamega kipande cha utumbo wa ini, akala amesimama, bila kisu wala uma. Akamega kingine. Mafuta yakamshuka mpaka kidevuni, macho kayafumba, na hapo ndipo mlango wa ukumbini ulipofunguka.

"Ahaa!" alisema Daktari Zsombory, aliyefika mapema akafuata harufu. "Kumbe sheria inanukia vizuri huku nyuma."

Mwinyi hakuweza hata kumeza.

"Usishtuke, Mheshimiwa. Nilidhani umekuwa mtakatifu, na watakatifu, kufanya kazi nao ni taabu." Zsombory alikuwa anacheka, lakini macho yake hayakucheka, yalikuwa yanapima. "Basi maharage ni ya wageni, au siyo?"

Mwinyi alimwambia shangazi, miaka kadhaa baadaye, kwamba pale aliziona njia mbili tu. Aseme nyama ni yangu, na jioni Budapest nzima ijue kwamba Hollódy anakula kwa siri, uwaziri umekwenda. Au aseme nimeletewa, na hapo amewataja akina Bodó na amejitaja na yeye. Akiwa bado hajachagua, mdomo ukachagua ya tatu.

"Nimeikamata," alisema.

"Umeikamata?"

"Asubuhi hii. Nguruwe alichinjwa bila kibali. Nilikuwa... nahakiki."

"Unahakiki kwa meno!" Zsombory akaangua kicheko, sasa cha kweli. Akachukua soseji moja. "Ngoja na mimi nihakiki. Mh! Huyu ni mhalifu hodari. Nani huyo?"

Mwinyi akamtazama Piroska. Piroska akatazama sakafu.

"Bodó," Mwinyi akasema. "Wapangaji wangu."

"Wapangaji wako mwenyewe? Bora zaidi! Mtu anayeanzia nyumbani kwake, gazeti litapenda. Mwite sajini."

"Sajini wa nini? Nimekwishawaonya."

"Mheshimiwa," Zsombory alisema, anajifuta vidole kwa kile kitambaa cha kutariziwa, "mkuu wa mkoa huonya. Waziri haonyi."

Lile neno likamwingia. Sajini akaitwa.

Askari walikwenda na manyoya yao ya jogoo kofiani, wakachukua nguruwe mzima, mafuta, hata sufuria ya damu. Lídia alisema amechinja yeye, peke yake, mgonjwa na mzee wasiulizwe. Wakampandisha kwenye gari la farasi na mikono yake haijanawa. Barabara ya mjini hupita mbele ya nyumba ya Mwinyi, na saa ile Mwinyi na mgeni wake walikuwa mezani, mgeni anakula supu ya maharage na kuisifu. Nje Bibi Sára alikuwa analikimbilia lile gari, shali imemwanguka. Alipomwona Mwinyi ameinuka kuja dirishani, alisimama. Uso wake ukachangamka kama mtu aliyefika.

"Mwinyi!" aliita. "Mwinyi, waambie! Waambie hawa!"

Mwinyi Ákos akarudi nyuma ya pazia.

"Nani huyo?" Zsombory aliuliza.

"Ajuza mmoja," Mwinyi akasema.

Lídia alifungwa. Gergely hakuiona theluji ikiyeyuka. Alizikwa mkewe akiwa gerezani. Na Mwinyi Ákos akawa waziri.

Uwaziri wenyewe niuelezeje? Alipata ofisi yenye zulia, akapigwa picha, akasimama bungeni kusoma hotuba, na safari hii watu hawakwenda kunywa kahawa, maana walikuwa na njaa wakitaka kusikia mkate uko wapi. Mkate haukuwepo. Kabla zabibu hazijaiva serikali ile ilianguka, ikaja nyingine, ikaanguka nayo, vita vikaisha kwa kushindwa, mfalme akaenda zake, nchi ikakatwa vipande. Katika vurugu ile nani amkumbuke waziri wa miezi michache? Hata gazeti lililomsifu likimtaja baadaye lilikosea jina lake la kwanza. Alirudi Kerekszállás na sanduku moja.

Msimu wa baridi ukaja. Vibali vilikuwa vimefutwa, watu wakachinja mchana kweupe, moto wa majani unawaka kila uani. Mwinyi akakaa dirishani. Aliona watoto wakipita na sahani zilizofunikwa, kwa mchungaji, kwa mkunga, kwa mwalimu. Lango lake walilipita.

"Leo nani amechinja?" aliuliza jikoni.

"Akina Gulyás, Mwinyi."

"Wameleta?"

"Hapana, Mwinyi."

Keshokutwa akauliza tena. Wamechinja akina Nyeste. Hawakuleta. Hakuna aliyemtukana, wala aliyekataa kumvulia kofia njiani. Walimwamkia vizuri, wakaulizia mgongo wake. Sahani tu ndiyo haikuja. Msimu ule ukapita hivyo, na wa pili ukapita hivyo, na wa tatu ulipokuja Mwinyi akaacha kuuliza. Akawa anaingia jikoni, anamtazama Piroska usoni, anatoka.

Siku moja Piroska alichoka kutazamwa. "Mwinyi, unangoja nini? Anayetaka kuijua njia ya kwa akina Bodó, haijahama."

Akaenda, kwa miguu, anajikongoja na fimbo. Lídia alikuwa uani anapasua kuni. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi kabla ya wakati wake. Aliweka shoka chini, akajifuta mikono kwa aproni.

"Karibu, Mwinyi. Nikuletee kiti?"

"Usinipe kiti, Lídia. Nimekuja kwa ajili ya... nimekuja kusema. Ile siku ya nguruwe. Ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Unajua?"

"Piroska alisikia, akamwambia Gergely siku ile ile. Kijiji kizima kinajua, Mwinyi. Ulidhani sahani zimepotea njia?" Akaokota kipande cha kuni, akakitazama, akakitupa penye rundo. "Mmoja tu ndiye hakujua. Mama mkwe wangu."

"Hakuambiwa?"

"Aliambiwa! Piroska alimwambia akiwa amepiga magoti mbele yake. Alimfukuza. Akamwambia, usimsingizie Mwinyi, Mwinyi nilimwona kwa macho yangu dirishani, alikuwa anatafuta koti aje kunisaidia, askari wakaniondoa kabla hajatoka. Basi akashika hivyo. Mtu akikusema vibaya kisimani, bibi anamjia juu. Kanisani, sokoni, kwa mkunga. Alisema kosa ni lake yeye, amepita na sahani barabarani, sajini akasikia harufu. Mwanawe amekufa, mimi nimefungwa, yote kayabeba yeye. Hata siku yake ya mwisho kitandani, kiangazi kile nilipotoka gerezani, ananiambia, Lídia, mwanangu, nisamehe, ningepitia bustanini."

Mwinyi akashika uzio. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Njiani alikuwa ameyafikiria matusi yote, akawa tayari kuyapokea, hata yalikuwa yanampa nafuu kidogo. Kutetewa hakukujiandalia.

"Angeniamini mimi," alisema taratibu. "Ningekuja nikamwambia mwenyewe, angeniamini."

"Wewe tu ndiye angekuamini."

"Nilikuwa Budapest."

"Treni ilikuwepo," Lídia akasema.

Kuku alipita katikati yao.

"Nisamehe, Lídia."

"Yangu mimi nitaona. Huenda nikakusamehe, huenda nisiweze, sijui, nikiamka asubuhi moyo uko hivi na jioni uko vile. Lakini ya bibi siyo yangu kukusamehe. Yeye alikutetea mbele za watu. Basi na wewe nenda kaseme mbele za watu." Akainua shoka. "Kwenye jiwe. Kama sisi."

Mwinyi alilijua jiwe hilo. Liko kanisani mbele ya meza ya Bwana, na zamani aliyeiba au aliyezaa bila ndoa alisimamishwa pale Jumapili, akakiri kwa sauti. Wazee waliosimamisha watu pale walikuwa ni pamoja na babu yake Mwinyi. Hakuna Hollódy aliyewahi kulikanyaga isipokuwa kwa kupita.

Jumapili ile kanisa lilikuwa limejaa, wanawake kushoto, wanaume kulia. Mchungaji alipomaliza mahubiri, Mwinyi Ákos alitoka kwenye kiti cha familia yake chenye ngao ya ukoo, akashuka, akasimama juu ya jiwe. Mchungaji alidhani mzee amezidiwa, akataka kumshika mkono. Mwinyi akamzuia.

Huyu ni mtu aliyehutubia maisha yake yote. Sasa sauti haikutoka. Midomo ilicheza, na waliokaa mbele walisikia kitu kama jina la Bodó.

"Hatusikii!" akaita mtu kutoka nyuma. Alikuwa Gulyás mzee, ambaye kwa kweli masikio yake ni mazito.

Mwinyi akaanza tena. "Nilimsaliti Bodó Lídia na nyumba yake."

"Sema kwa nguvu!"

"Nilimsaliti Bodó Lídia!" Sasa alikuwa anapiga kelele kama mtu aliyeko ng'ambo ya mto. "Aliyewataja kwa askari ni mimi! Nyama nilikuwa nimeila mimi! Bibi Sára alikuwa ananitetea kwenu, na alikuwa anasema uongo bila kujua, na mimi nilimwacha! Aliniita, nikajificha nyuma ya pazia. Kosa halikuwa lake. Sahani yake haikuwa na kosa."

Mtoto akakohoa. Mwinyi alikuwa bado amesimama, anangoja, hajui anangoja nini. Hotuba zikiisha watu hupiga makofi au huzomea. Hapa hakuna aliyefanya hili wala lile. Upande wa wanawake Lídia alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kitabu chake cha zaburi, mabega yanamtikisika, na mwanamke wa pembeni yake alimwekea mkono mgongoni. Hakumtazama Mwinyi. Mwishowe mchungaji akataja zaburi, watu wakasimama kuimba, na Mwinyi hakujua arudi kwenye kiti chake au abaki, akaimba pale pale juu ya jiwe mpaka ubeti wa mwisho.

Nyumbani hakwenda mezani ukumbini. Aliingia jikoni na koti lake, akakaa kwenye benchi la kando ya jiko, akamsimulia Piroska yote tangu mwanzo: hotuba za mbwa, jinsi alivyoutaka uwaziri, njia mbili na ile ya tatu. Piroska alikuwa anamenya viazi. Hakumwambia pole, wala hakumwambia umefanya vizuri.

"Unadhani sasa wataleta?" Mwinyi akauliza.

"Sijui, Mwinyi."

"Mimi nadhani hawataleta."

"Na mimi nadhani hivyo."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa hesabu akaiona ni sawa. "Na ndivyo inavyotakiwa," alisema. Uso ulikuwa bado unamwaka, akaugeuzia ukutani ili mpishi asiuone. Nje jua la mchana lilikuwa linang'aa juu ya theluji. Kichwa kikamwinamia pole pole kwa usingizi, fimbo ikateleza ikaanguka chini, naye hakuisikia. Piroska aliiokota, akaisimamisha pembeni. Alisogeza chungu kando ya moto, akaketi upande wa pili wa benchi apumzishe miguu kidogo tu, na usingizi ukamchukua naye, kisu cha viazi kikiwa bado mkononi.